Ndege ya nyaya: jinsi ya kuiunda na kuirusha kwa sarakasi za angani

Ndege ya nyaya ni ndege ndogo ya mfano ambayo rubani huiongoza akiwa amesimama katikati ya duara, mkononi ameshika kishikio chenye nyaya mbili nyembamba za chuma zinazofika hadi kwenye bawa la kushoto. Haina redio. Rubani akilaza kishikio kuelekea nyuma, waya wa juu huvutika, na kipande kidogo kiitwacho belikranki, kilichofungwa ndani ya bawa, hugeuka na kusukuma fimbo inayoinua elevata, yaani kibao cha mkiani kinachoamua kama pua itapanda au itashuka. Rubani ana amri mbili tu, kupanda na kushuka, na kwa amri hizo mbili mtu aliyefanya mazoezi huchora angani vitanzi, miraba, pembetatu na maumbo ya namba nane, kisha akaitua ndege mahali alipoirushia.

Aliyeyapa mashine haya umaarufu ni Jim Walker wa Portland, Oregon, nchini Marekani, aliyeyauza kwa wingi miaka ya 1940 kupitia ndege yake ya Fireball. Sarakasi zenyewe zilipata sura tunayoiona leo baada ya George Aldrich kuchapisha mchoro wa ndege yake, Nobler, mwaka 1952: bawa nene lenye umbo lilelile juu na chini, na flapu, yaani vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa, zinazoteremka elevata inapoinuka. Leo mashindano ya dunia huendeshwa chini ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, katika daraja liitwalo F2B.

Kabla ya kununua hata ubao mmoja, lielewe jambo moja linaloitawala kazi yote, nalo ni mvuto wa nyaya. Aliyewahi kurusha tiara ufukweni analijua hili kwa mkono wake: uzi ukilegea, huna tena mawasiliano na kitu kilicho angani. Tuseme ndege yako ina uzito wa kilo 1.2, nyaya zina urefu wa mita 18, na inamaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 5.2. Mzingo wa duara hilo ni mita 113, kwa hiyo ndege inakwenda karibu mita 22 kwa sekunde, sawa na kilomita 78 kwa saa, na mkono wako unavutwa kwa nguvu ya kilo 3 na ushei. Hiyo ni nguvu ya kutosha. Lakini ndege ikiwa juu ya utosi wako, mambo mawili hubadilika kwa pamoja: imepunguza mwendo kwa kuwa imepanda, na uzito wake wenyewe sasa unaivuta kuja kwako. Ikiwa mwendo umeshuka hadi mita 18 kwa sekunde, mvuto unaobaki ni kilo 1 tu. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa chini, kuanzia uchaguzi wa mbao hadi mahali pa kuweka miguu yako uwanjani, ipo kwa ajili ya kulinda hiyo kilo 1.

Kuunda

Kwa ndege ya kwanza ya sarakasi ninapendekeza bawa lenye urefu wa mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 24, na kiwiliwili cha ubao bapa wenye unene wa milimita 12, badala ya kiwiliwili cha sanduku. Haipendezi sana kwa macho, lakini ikianguka hutengenezwa jioni moja, na mwanafunzi ataanguka. Flapu ziache kwanza. Zinafaa sana kwenye ndege kubwa ya mashindano, kwa sababu huongeza nguvu ya bawa katika kona kali, ila huongeza pia viungo vya kurekebisha, na anayeanza anahitaji vitu vichache vya kumchanganya.

Mbao zinazotumika ni za balsa, mti ambao hutoka hasa Ecuador. Usinunue kwa kutazama tu, bali nenda dukani na mizani ndogo ya jikoni. Ubao wenye unene wa milimita 3, upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 1 uwe na gramu 30 hadi 40. Ukizidi 50, utafaa kwa kingo za mbele za bawa na mahali panapobeba mzigo, si kwa mbavu wala mkia. Mahali ambapo balsa haipatikani, watu hukata bawa kwenye povu gumu la polistireni kwa waya wa moto, kisha hulivika karatasi kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Bawa la aina hiyo huruka vizuri kabisa, mradi uzito wa ndege nzima usivuke kilo 1.2.

Mbavu zote za bawa lisilochongoka zinafanana, na njia nzuri ya kuzipata ni hii. Kata violezo viwili vya plaiwudi vyenye umbo la ubavu, unene wa juu kabisa ukiwa sentimita 4.3, ambao ni asilimia 18 ya upana wa bawa. Kata vipande vya balsa vya milimita 2 kwa makadirio, vibane vyote kati ya violezo hivyo kwa skrubu mbili ndefu, kisha vichonge na kuvipiga msasa kama tofali moja hadi msasa uguse plaiwudi pande zote. Ukifungua, una mbavu kumi na mbili zinazolingana. Bawa nene la namna hii hushangaza wanaoona bawa jembamba kuwa ndilo la kasi, lakini sarakasi haihitaji kasi. Inahitaji bawa linaloweza kugeuka ghafla bila kupoteza nguvu, na ukinzani wake husaidia kuzuia ndege isikimbie mno inapoteremka.

Bawa la kushoto, lile linalokutazama, lifanye refu kuliko la kulia kwa sentimita 2.5. Ndege huzunguka kinyume cha saa, hivyo bawa la nje husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, hupata upepo mwingi zaidi, na huzaa nguvu kubwa zaidi ya kuinua; urefu huo wa ziada kushoto ndio unaoleta usawa. Katika ncha ya bawa la kulia weka madini ya risasi ya gramu 20 hadi 25 ili kusawazisha uzito wa nyaya zinazoning'inia upande wa pili.

Belikranki ndiyo moyo wa ndege hii, na hapa usifanye haraka. Tumia yenye urefu wa milimita 75 kati ya matundu yake mawili ya nyaya. Ifunge kwa boliti ya milimita 3 juu ya kibao cha plaiwudi cha milimita 3 kilichogandishwa kwa gundi ya epoksi kwenye mbavu mbili na pia kwenye mihimili ya bawa, kwa sababu mvuto wote niliouhesabu hapo juu unapita kwenye boliti hiyo moja. Ukishamaliza, na kabla ya kuvika bawa, funga uzi imara kwenye ncha za nyaya fupi zinazotoka kwenye belikranki hadi nje ya bawa, mpe mwenzako ashike ndege kwa mikono miwili, kisha vuta kwa mizani ya springi. Mashindanoni ndege hujaribiwa kwa mvuto wa mara kumi ya uzito wake. Yako ivutwe kwa kilo 12. Nikiona mtu anasita kuivuta hivyo kwa kuogopa kuiharibu, huwa namwambia kwamba ikiwa itavunjika, ni heri ivunjike mezani kuliko ikiruka kuelekea walipo watu.

Mkia ukatwe kwenye balsa ya milimita 6. Bawa, mkia na mhimili wa mota vyote vilale sambamba, pasiwepo na kimoja kilichoinua pua. Funga elevata kwa bawaba laini kiasi kwamba, fimbo ikiwa haijafungwa, elevata iangushwe na uzito wake wenyewe. Elevata nzito kugeuka ndiyo chanzo cha ndege inayowinda, yaani inayopanda na kushuka mfululizo hata rubani akiwa ametuliza mkono, kwa sababu mvuto mdogo wa kishikio hauigeuzi na mvuto mkubwa unaigeuza kupita kiasi. Iruhusu kwenda nyuzi 20 hadi 25 juu na vivyo hivyo chini. Usukani wima wa mkia upinde kidogo kuelekea nje ya duara, na mota ielekezwe nje kwa nyuzi 1 au 2. Vyote viwili huisaidia pua isielekee kwako.

Sasa tafuta kitovu cha uzito. Weka ndege juu ya vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, ikiwa na betri yake na kila kitu. Isimame sawa vidole vikiwa sentimita 4.8 kutoka ukingo wa mbele, ambayo ni asilimia 20 ya upana. Ikiinamisha mkia, sogeza betri mbele au ongeza risasi puani, na usirushe kwa matumaini kwamba itakuwa sawa. Nyaya fupi zitoke kwenye ncha ya bawa sentimita 1.5 hivi nyuma ya kitovu hicho. Zikitoka mbele zaidi, pua itageukia kwako na mvuto utapotea. Zikitoka nyuma mno, ndege itaruka imejipinda nje na kuchoka mapema. Mahali hapo pafanye pa kusogezeka, kwa kutumia kibao chenye mfereji na skrubu, kwa sababu utaparekebisha baada ya kuruka.

Kuhusu nguvu, leo ningemshauri anayeanza achague mota ya umeme isiyo na brashi, betri ya lithiamu, na kidhibiti mwendo chenye uwezo wa kushikilia mizunguko ileile hata ndege inapopanda. Rafadha ya inchi 10 kwa 6, yaani kipenyo chake kisha umbali inaosonga kwa kila mzunguko, ikizunguka mara 9,000 hadi 10,000 kwa dakika itakupa mwendo tuliouhesabu. Kipima muda kidogo huzima mota baada ya dakika 5. Injini za zamani za methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo bado zinapendwa, nami naelewa sababu: injini iliyorekebishwa vizuri hunguruma polepole katika mruko wa kawaida, kisha pua ikiinuka hubadili sauti na kuongeza nguvu yenyewe, na ikisawazika hurudi kwenye mngurumo wake. Kuipata tabia hiyo, hata hivyo, ni ufundi wa miaka, na anayejifunza kurusha hapaswi kujifunza injini siku hiyohiyo.

Nyaya na kishikio

Nyaya ziwe za chuma zilizosokotwa kwa nyuzi nyingi, zenye unene wa milimita 0.38, kila moja mita 18. Usitumie mshipi wa kuvulia samaki kwa ndege ya ukubwa huu. Hunyumbuka, na mnyumbuko huo unakula amri zako. Mwisho wa kila waya ukunjwe kuzunguka kijicho cha chuma, kisha ufungwe kwa waya mwembamba wa shaba, raundi baada ya raundi zikilala bega kwa bega, na gundi kidogo juu yake. Nyaya zote mbili zilingane kwa urefu. Kwenye kishikio ziachane kwa sentimita 10, na kishikio kiwe na kamba imara ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono, ambayo huivui wala huiachi hadi ndege isimame. Kishikio kikikuponyoka bila kamba hiyo, kilo 1.2 za ndege inayokwenda kilomita 78 kwa saa zinaondoka pamoja na mita 18 za chuma.

Ndege yangu ya kwanza ilidumu hewani sekunde mbili. Nilikuwa nimeziunganisha nyaya zikiwa zimebadilishana, ya juu chini na ya chini juu. Ilipoachiwa niliiamuru ipande, ikazama, nikaiamuru kwa nguvu zaidi, ikajipigiza chini. Kazi ya wiki sita ilivunjika kwa kosa ambalo lingeonekana kwa kutazama tu. Tangu hapo, kabla ya kila mruko bila kuacha hata mmoja, nalaza kishikio nyuma na kumwuliza anayeishika ndege, kwa sauti, "Elevata imeelekea wapi?" Akijibu "Juu", tunaendelea. Asipojibu hivyo, hakuna kinachowashwa.

Uwanja na mruko wa kwanza

Uwanja wa mpira wa miguu unatosha. Duara lako lina kipenyo cha mita 36 na kidogo juu kwa ajili ya bawa. Ukiongeza nafasi ya usalama ya mita kadhaa kila upande, unahitaji mita 50, na upana wa uwanja wa kawaida unazidi hapo. Chora duara kwa chokaa na usiruhusu mtu yeyote, hasa mtoto, kulivuka. Nyaya za umeme ziwe mbali mno, maana nyaya zako ni za chuma na mkono wako ndio mwisho wake. Watu wamekufa kwa namna hiyo. Radi ikisikika, hata kwa mbali, kunja vyombo.

Mabaharia wetu wana maneno mawili yanayofaa kabisa hapa: joshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande upepo unakoelekea. Ndege ikiwa demani, upepo unaisukuma nje na nyaya zinakaza. Ikiwa joshini, upepo unaisukuma kuja kwako na nyaya zinalegea. Kwa hiyo iachie robo ya duara kabla ya demani, ili iwe inaondoka ardhini wakati upepo uko mgongoni mwako, na kila sarakasi utakayoifanya, tangu ya kwanza hadi siku utakapokuwa bingwa, ifanye ukiwa umeupa upepo mgongo.

Mara ya kwanza usikunje kiwiko wala kifundo cha mkono. Nyoosha mkono kuelekea ndege na uiongoze kwa bega, kama unayeielekezea kidole. Mkono ukipanda, ndege inapanda. Karibu kila anayeanza huharibu kwa amri kubwa mno. Kizunguzungu kitakuja katika mizunguko ya mwanzo. Tazama ndege yenyewe, usitazame miti inayopita nyuma yake, na ugeuke kwa hatua fupifupi. Ukihisi mvuto umepotea, piga hatua za haraka kurudi nyuma, mbali na ndege. Hatua tatu hukaza nyaya mapema kuliko amri yoyote. Baada ya miruko kumi hivi utaona kwamba umeacha kufikiri kuhusu miguu, na hapo ndipo unaweza kuanza sarakasi.

Kutoka kitanzi hadi nane

Anza na vilima laini, kupanda na kushuka bila kuvuka usawa wa kichwa. Kisha jaribu kitanzi cha ndani: ndege ikiwa kwenye usawa wa bega lako, demani kabisa, toa amri ya kupanda na uishikilie ileile, usiiongeze wala usiipunguze, hadi izunguke na kurudi. Wengi huogopa inapokuwa mgongo chini na kuiachia amri. Hapo ndipo huanguka. Vitanzi vitatu vikitoka sawa, utagundua nyaya zimejisokota, msokoto mmoja kwa kila kitanzi. Hilo halina madhara kama nyaya ni safi, maana huteleza zenyewe kwa zenyewe, na vitanzi vitatu vya nje, yaani vya amri ya kushuka, vitazisokotoa. Zifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya siku ya kuruka, na utahisi tofauti hiyo kishikioni.

Kuruka kichwa chini kunahitaji ubongo mpya, kwa sababu amri zimegeuka: ya kushuka ndiyo inayoiinua. Njia niliyoiona ikiwafaa watu wengi ni kupanda juu kwanza, kufanya nusu ya kitanzi, kusawazisha, kukaa hivyo kwa robo ya mzunguko tu, kisha kutoka kwa kulaza kishikio mbele. Jikaririshe amri hiyo moja ya wokovu kabla hujawasha mota: mbele ni juu. Robo iwe nusu, nusu iwe mzunguko mzima. Usipite hapa kwa haraka, kwa kuwa kitanzi cha nje na kila aina ya nane vimejengwa juu ya uwezo huu.

Ratiba ya F2B ina zaidi ya sarakasi kumi na mbili zinazofanywa kwa utaratibu uliopangwa ndani ya dakika 7: kuvuka juu ya kichwa, vitanzi vya ndani na vya nje, mruko wa kichwa chini, vitanzi vya mraba na vya pembetatu, nane za kulala, za mraba, za kusimama na za juu ya kichwa, umbo la saa ya mchanga, na lile la jani lenye sehemu nne. Waamuzi hutazama mambo ambayo mtazamaji wa kawaida hayaoni. Mruko wa kawaida uwe mita 1.5 kutoka ardhini, tofauti isizidi sentimita 30. Kilele cha kitanzi kiwe kwenye pembe ya nyuzi 45 kutoka usawa wa ardhi, si juu wala chini yake. Vitanzi vitatu vilaliane kiasi cha kuonekana kimoja. Ili kujizoeza peke yako, mwombe mwenzako asimame nje ya duara, joshini, akiwa ameshika fimbo yenye alama ya mita 1.5 usawa wa macho yake, na akutajie kila mara unapotoka kitanzini: juu, chini, sawa. Nimeona watu wakisonga mbele zaidi kwa siku nne za namna hiyo kuliko kwa mwaka mzima wa kuruka bila mtazamaji.

Ikiwa nane zako zinapoteza mvuto pale juu, usikimbilie kuongeza mwendo. Angalia kwanza risasi ya bawani: bawa la kulia likionekana kuinuka katika kona ya ndani, ongeza gramu 3, likionekana kushuka na ndege kuyumba, punguza. Kisha sogeza mahali pa kutokea nyaya kwa milimita 3 mbele au nyuma, ruka tena, na uandike ulichobadilisha. Badilisha kitu kimoja kwa kila mruko. Mwisho wa siku zungushia nyaya kwenye gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, ukizipitisha katikati ya vidole viwili vya mkono mwingine, kwa sababu kidole huhisi mkunjo au uzi mmoja uliokatika mapema kuliko jicho. Ukiupata, tupa nyaya zote mbili na ufunge mpya.